Kengele ya Pattaya Haipigwi Ovyo

Mtoto wa Kariakoo haibiwi kirahisi. Amekua akiona watu wakiuziwa simu mpya ndani ya boksi, wakifika nyumbani wanakuta kipande cha sabuni. Anajua pochi hukaa mfuko wa mbele, anajua bei ya kwanza ni salamu tu, na anajua kwamba mtu asiyemfahamu akimwita "bosi" mara tatu mfululizo ana lake jambo. Lakini mpandishe ndege mtu huyo huyo, mvishe bukta ya maua na miwani ya jua, mshushe Pattaya, mji wa ufukweni nchini Thailand. Jua halijazama atakuwa ameshamkabidhi pasipoti kijana aliyefahamiana naye kwa dakika mbili, tena kwa mikono miwili, na asante juu.

Likizo ina tabia hiyo. Wanaopatwa na mikasa Pattaya si lazima wawe washamba. Wengi ni wajanja waliouacha ujanja wao nyumbani pamoja na suruali ndefu.

Mji wenyewe uko mkoa wa Chonburi, kilomita 150 hivi kusini-mashariki mwa Bangkok, mwendo wa saa mbili barabara ikiwa na huruma. Hapo zamani kilikuwa kijiji cha wavuvi. Wakati wa vita vya Vietnam, wanajeshi wa Marekani waliokuwa katika kambi za Thailand walianza kwenda kupumzika pale, na penye askari mwenye mshahara na ruhusa ya siku chache, baa haichelewi kujengwa. Mwaka 1978 Pattaya ikapewa utawala wake maalumu wa jiji. Leo maghorofa yamejipanga nyuma ya ufukwe uliopinda wa kilomita tatu hivi, na wageni wanamiminika kutoka kila pembe ya dunia.

Waswahili nao wanafika, wengi kwa njia ya nguo. Wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Nairobi wamekuwa wakienda Bangkok miaka nenda miaka rudi kufunga mzigo, hasa eneo la Pratunam, ambako blauzi na suruali huuzwa kwa jumla. Mzigo ukishakabidhiwa kwa wakala wa kusafirisha, hubaki siku za kungojea ndege ya kurudi. Hapo ndipo mtu husema, "Hivi kweli niondoke bila kuiona bahari yao?"

Shangazi mmoja mwenye duka Mtaa wa Kongo aliyasema maneno hayo hayo. Alikuwa na mpwa wake, kijana aliyechukuliwa safari hiyo kwa kazi mbili: kubeba mabegi na kuzungumza Kiingereza. Kazi ya kwanza aliiweza.

Mkasa wa kwanza haukungoja Pattaya. Uliwapokea Suvarnabhumi, uwanja mkuu wa ndege wa Bangkok. Thailand inawataka wasafiri wanaotoka nchi zenye hatari ya homa ya manjano waonyeshe cheti cha chanjo, na katika orodha yake zimo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Cheti hicho hukaguliwa kwenye dawati la afya, kabla ya kufika uhamiaji. Abiria kutoka Ulaya wanalipita dawati hilo bila hata kuligeukia. Mtu wa kwetu akiwafuata kwa mkumbo, atapanga foleni ya uhamiaji, atasogea hatua kwa hatua, atafika dirishani, kisha atarudishwa nyuma akaanze na dawati la afya.

Mpwa alifuata mkumbo. Shangazi, ambaye alianza safari hizo kabla kijana hajaota ndevu, alisimama dawatini na kadi yake mkononi.

"Shangazi, foleni iko huku!"

"Hiyo ni ya wenzako Wazungu, baba. Lete kadi."

Hakusikia, au alijifanya hakusikia. Walipokutana tena, shangazi alikuwa ameketi juu ya begi lake upande wa pili, ameshakula biskuti na kumaliza. Cha kushukuru ni kwamba kadi hiyo haiishi muda: tangu Julai 2016 chanjo moja ya homa ya manjano inahesabiwa kuwa inatosha maisha yote. Ikae pamoja na pasipoti, mkononi, maana ikiwekwa kwenye begi kubwa itakuwa inazunguka kwenye mkanda wakati mwenyewe anaulizwa maswali.

Kuna na fomu ya kuingilia. Tangu tarehe 1 Mei 2025 kila mgeni anaijaza mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na haina malipo yoyote. Matapeli walishaliona pengo: wamefungua tovuti zinazofanana na ya serikali na kuweka ada. Mpwa alikuwa ameshaanza kuingiza namba za kadi ya benki ya shangazi wakati mwenye kadi alipochungulia.

"Serikali inakukaribisha bure, wewe unamlipa nani?"

Usafiri wa Pattaya ungemfurahisha yeyote aliyeishi Dar es Salaam ya zamani. Ni pikapu za buluu iliyokoza zenye mabenchi mawili nyuma, abiria wametazamana magoti kwa magoti. Chai maharage kabisa! Zinashuka na Barabara ya Ufukweni kuelekea kusini, kisha zinarudi kaskazini kwa Barabara ya Pili, mduara wa kutwa kucha. Unainyooshea mkono, unapanda bila neno, ukifika unabonyeza kitufe cha kengele kilicho darini, unashuka, unampa dereva nauli dirishani. Kwa miaka mingi nauli ya mduara huo ilikuwa baht 10, na baht moja ni kama shilingi 80 za Tanzania au nne za Kenya.

Hata hivyo pikapu hizo zina sheria isiyoandikwa popote. Ukiikuta imeegeshwa, haina abiria, na dereva amesimama pembeni anakutabasamia, hiyo si daladala tena. Ni ya kukodi. Na ukiuliza "bei gani?", umeshamwambia dereva kwamba hujui bei.

Mpwa, aliyelelewa vizuri, alienda kwenye pikapu iliyoegeshwa, akasalimia, akauliza kwa adabu zote. Akaambiwa baht 200. Akashukuru. Alikuwa ameshatia mguu mmoja ndani shangazi alipomvuta shati, akampeleka ukingoni mwa barabara, akaisimamisha pikapu nyingine yenye wanafunzi wawili na mama mmoja mwenye kapu la mboga. Walipofika alibonyeza kengele, akashuka, akatoa sarafu, dereva akapokea na kuondoka bila kumtazama.

"Umejuaje, shangazi?"

"Tangu uzaliwe umeshamwona mtu anauliza nauli ya Mbagala?"

Mambo huwa mazito zaidi kwenye pikipiki. Thailand wanaendesha upande wa kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda, na jambo hilo linampa mgeni wa Afrika Mashariki ujasiri ambao hakuulipia. Anaona kila kitu kiko mahali pake, anasahau kwamba yuko katika nchi yenye barabara zinazoua kuliko nyingi duniani. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 iliikadiria Thailand kuwa na vifo vya barabarani 32.7 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na takriban robo tatu ya waliokufa walikuwa kwenye vyombo vya magurudumu mawili au matatu. Katikati ya Aprili, wakati wa sikukuu ya mwaka mpya ya Songkran, serikali huhesabu ajali kwa kipindi inachokiita siku saba za hatari. Sikukuu hiyo ni ya kumwagiana maji barabarani, na Pattaya huiendeleza hadi tarehe 19, siku ambazo miji mingine imeshaanika nguo. Sasa fikiria dereva wa pikipiki anayemwagiwa ndoo ya maji ya barafu usoni, kwa upendo.

Leseni ya gari haimruhusu mtu kuendesha pikipiki. Duka la kukodisha huenda lisiulize, ila kampuni ya bima itauliza, tena siku ambayo mteja amelazwa na mguu umening'inizwa. Ataulizwa leseni ya pikipiki na kofia ngumu, kwa mpangilio huo. Duka lenyewe mara nyingi hutaka pasipoti ibaki kama dhamana, na hapo jibu ni moja tu: nakala ya pasipoti na amana ya fedha, au duka la jirani. Mwenye pasipoti yako kwenye droo yake ndiye atakayepanga bei ya kila mkwaruzo. Halafu kuna lile bomba la moshi. Abiria yeyote wa bodaboda anajua kushuka kwa kukwepa bomba, lakini anayeshuka kwenye skuta akiwa amevaa bukta na macho yako baharini hurudi nyumbani na alama ya duara kwenye shavu la mguu.

Shangazi alikataa pikipiki ya nchi kavu. Mpwa akaomba ya majini.

Hapa ndipo Pattaya ilipojipatia jina baya. Magazeti ya Thailand yamekiandika kisa hiki mara zisizo na idadi, na balozi za nchi mbalimbali zimewaonya raia wao. Mgeni anakodi pikipiki ya majini kwa nusu saa. Anaendesha, anafurahi, anairudisha. Mwenye chombo anainama, anapapasa tumbo la chombo, anatoa uso wa msiba: kuna mkwaruzo. Mkwaruzo huo huenda una umri mkubwa kuliko ndoa ya mgeni, lakini ulikuwa chini ya maji wakati wa kukodi na hakuna aliyeuona. Anatajiwa gharama ya matengenezo, makumi ya maelfu ya baht. Wenzake wanasogea mmoja mmoja. Anatokea mpatanishi, mtu mzima mpole, anayeshauri walipane nusu ili yaishe. Baada ya hapo mgeni anasindikizwa hadi kwenye mashine ya fedha, ambako benki nayo inamkata baht 220 au zaidi kwa kutumia kadi ya nje. Jiji limejaribu kusajili vyombo na kuwabana wamiliki, na wako wanaofanya kazi yao kwa uaminifu. Tatizo ni kwamba wote wamevaa fulana za aina moja.

Shangazi alikuwa hajasoma gazeti lolote kuhusu hayo. Alifanya tu kile anachofanya kila wiki anapofunguliwa robota la mtumba: alitaka kuona chini.

"Mwambie akigeuze."

"Shangazi, chombo kizima?"

"Kwani nitakipanda nusu?"

Kijana wa pale alicheka, akasema hakuna shida, hakuna shida. Shangazi akatandika khanga mchangani, akapiga goti, akaitoa simu na kuanza kurekodi huku akitangaza kwa Kiswahili kama yuko mahakamani: leo tarehe fulani, saa fulani, huu hapa mkwaruzo, urefu kidole kizima. Na huu mwingine. Hapa pamepakwa rangi, na rangi yenyewe haijakauka vizuri, tazama kidole changu. Akaielekeza kamera kwenye kidole, buluu tupu. Kisha akaielekeza usoni mwa kijana, akamwomba aseme jina lake.

Kijana akakumbuka kwamba chombo hicho kimeshawekewa nafasi na mteja mwingine. Na vile vingine vitatu pia.

Mpwa alinuna hadi jioni, ingawa bahari ilikuwapo palepale na haikuhitaji kukodiwa. Pwani ya Pattaya hatari yake si papa bali rafadha. Boti za kasi na hizo pikipiki za majini hukata huku na huku, kwa hiyo sehemu za kuogelea zimezungushiwa kamba zenye maboya, na kichwa kilichotokeza nje ya kamba dereva wa boti hakioni kwa urahisi. Kwingine katika Ghuba ya Thailand, kama kisiwa cha Samui, ufukweni kuna nguzo zenye chupa za siki. Si kwa ajili ya kachumbari. Ni huduma ya kwanza kwa aliyeguswa na kiwavi cha bahari cha aina ya hatari, na anayejimwagia siki bila kujisugua anajisaidia kuliko anayejipaka mchanga. Shangazi, mzaliwa wa Tanga ambaye kama watu wengi wa pwani hajui kuogelea, aliingia hadi magotini na dera lake, akasema maji ni mazuri, akatoka.

Basi ikawa usiku. Shangazi akalala. Mpwa akateremka kwenda kuona Walking Street, mtaa unaofungiwa magari jioni ili watu watembee katikati ya taa na muziki wa kupasua masikio. Hakwenda kwa ubaya. Aliingia baa moja ya wazi, akaagiza soda, akakaa kaunta. Juu ya kichwa chake ilining'inia kengele ya shaba yenye kamba nzuri iliyosukwa.

Ikumbukwe kwamba tangu asubuhi kijana huyu alikuwa amezoeshwa kuwa Pattaya mtu akitaka jambo, anapiga kengele. Akainua simu ajipige picha, akavuta kamba.

Baa nzima ikalipuka kwa shangwe. Wahudumu wakamkumbatia. Mzee wa Kijerumani akampa mkono, Waaustralia wakamwimbia. Mpwa akajisemea moyoni kwamba kweli nchi hii ina watu wakarimu. Wakati huo huo, ndani ya kikombe kidogo kilichowekwa mbele yake, vikaratasi vilianza kuingia vimeviringishwa, kimoja baada ya kingine. Katika baa za huko kila kinachoagizwa huandikwa kwenye kikaratasi na kutiwa katika kikombe cha mteja, na mwenye busara hukisoma kila kinapoingia. Yeye aliona ni mapambo. Anayepiga kengele ya baa Thailand ametangaza kwamba anawanunulia waliopo wote kinywaji, desturi inayojulikana na kila mtu aliyekuwa pale isipokuwa mpigaji.

Simu ya shangazi ililia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umevunja nini?"

Bili ililipwa, maana hapakuwa na tapeli wa kumlalamikia. Asubuhi yake adhabu ilikuja yenyewe, kwa sura ya saladi ya papai bichi, ile inayotwangwa mbele ya mteja kwenye kinu pamoja na pilipili ndogo zinazofanana na kichaa zetu kwa umbo na kwa nia. Mpwa alisema yeye pilipili anakula tangu utotoni. Muuzaji akamwamini. Mgeni anayetaka kuokoka hutamka "mai phet", yaani isiwe kali, na hata hapo kinachokuja huwa kina moto wa kutosha. Shangazi alishajitafutia njia yake: kusini mwa mji kuna migahawa mingi ya Kiarabu na Kihindi, na vyakula vingi vya Thailand hubeba alama ya halali ya Baraza Kuu la Kiislamu la nchi hiyo. Alikula biriani yake kimya, akimsogezea kijana maziwa.

Baadhi ya makosa ya Pattaya hayana hata chembe ya kuchekesha. Sigara za kielektroniki zimepigwa marufuku kuingizwa nchini tangu 2014, nazo huuzwa waziwazi mtaani, na anayekamatwa nayo haokolewi na hoja kwamba ameinunua palepale. Mfalme hatukanwi wala hafanyiwi mzaha: kifungu cha 112 cha sheria ya makosa ya jinai kinatoa kifungo cha miaka mitatu hadi kumi na mitano. Picha yake iko kwenye kila noti, kwa hiyo noti ikipeperushwa na upepo, mtu huikimbilia kwa mikono na kamwe haikanyagi kuizuia. Mikufu ya dhahabu nayo ina wapenzi wake, vibaka wa pikipiki wanaoikwapua shingoni wakipita kwa kasi, na magazeti ya mji huandika habari hizo mara kwa mara. Mkufu wake shangazi aliuvulia Kariakoo, akauacha kwa jirani. Kwa lililoshindikana kuna polisi wa watalii, namba 1155, wanaopokea simu mchana na usiku na wanazungumza Kiingereza.

Siku ya mwisho walivuka kwenda Koh Larn, kisiwa kilicho kilomita saba hivi kutoka mjini, chenye maji maangavu kuliko ya Pattaya yenyewe. Boti za mbao za ghorofa mbili huondoka gati ya Bali Hai, nauli ya miaka mingi ikiwa baht 30, safari dakika 40 hadi 45. Madalali wa boti za kasi husimama njiani kabla ya gati wakieleza kwamba ile ya mbao imeshaondoka, na nyuma yao, juu ya mabega yao, inaonekana ikipakia. Mpwa aliwapita bila kuwajibu. Alikuwa ameanza kukomaa.

Kisiwani alikodi kiti cha plastiki. Kabla ya kukaa alikizunguka akakipiga picha mguu kwa mguu, kisha akakigeuza kuangalia chini, mwenye viti akimkodolea macho. Aliogelea ndani ya kamba. Kabla ya kuagiza dafu alionyesha vidole, wakakubaliana bei. Kasoro yake ikabaki moja, saa. Boti za umma za kurudi hukoma mnamo saa 12 jioni, na anayechelewa hurudi kwa boti ya kasi, kwa bei anayoipanga mwenye boti akiwa ameona kwamba giza linaingia na mteja hana pa kulala.

Saa kumi na nusu shangazi alikuwa ameshaketi gatini, mkoba mapajani, tiketi mbili mkononi.

"Shangazi, bado mapema! Maji ndiyo kwanza yamepata joto."

"Na Kigamboni yapo. Panda boti."